Somo la 23: Wenyeji wa Kinywa

Mvulana mmoja wa Kakanda alifika shuleni shavu limevimba. Jino lake la nyuma, lile linaloota mtoto apatapo miaka 6, lilikuwa limetoboka. Mganga aliling'oa. Jino hilo si la utoto. Haliwezi kuota tena.

Wenzake wakauliza: "Mwalimu, ni nini kilichokula jino lile?"

Mwalimu akajibu: "Ni asidi. Kule Likasi, katika kiwanda cha Shituru, tangu 1929 asidi ilitumiwa kutoa shaba katika mawe ya kijani. Jiwe ni gumu, lakini asidi hulishinda. Kinywani mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi, ingawa iliyo dhaifu. Mtoto akimung'unya bombo kutwa, jino halipati nafasi ya kupona."

"Basi tuviue vyote!" akasema mmoja.

Mwalimu akacheka. "Ungewaua na rafiki zako."

Aina za vijidudu vya kinywa zilizokwisha kujulikana zinapita 700. Mtu wa kwanza kuviona alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, muuza nguo wa Delft. Mwaka 1683 aliandika kwamba alitoa utando mweupe katikati ya meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuza, akaona vidudu vikitembea. Alistaajabu, maana kila asubuhi alisugua meno kwa chumvi!

Vingi havina ubaya. Vingine huwahi kukaa juu ya jino. Vibaya vikija, vinakuta mahali pamejaa. Tena hutoa dawa inayovizuia, ile ile ambayo waganga walisafishia vidonda. Vingine hutoa amonia, nayo hupunguza ukali wa asidi. Vya ulimini vina kazi nyingine kabisa: ukila lengalenga, hugeuza chumvi fulani iliyo katika majani yale, ikasaidia mishipa ya damu kulegea. Nani angedhani?

Lakini sukari ikizidi, asidi nayo huzidi. Vijidudu vyema hupungua, na vibaya, vilivyozoea ukali, hurithi mahali pao. Ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana yule. Mswaki hauviui vyote. Huondoa utando mzito, na vile vyema ndivyo vinavyotangulia kurudi.

Mvulana bado ana meno 3 ya namna ile. Mama yake amemnunulia mswaki, na bombo anakula Jumapili tu, baada ya bukari.

Maswali: Ni jino lipi lisiloota tena? Kwa nini si vizuri kuua vijidudu vyote?