Uvimbe Laini Mkononi au Mguuni mwa Mtoto: Usiutoboe, Mpeleke Hospitali

Mtoto amezaliwa na uvimbe laini mkononi au mguuni. Hauumi, na ukiubonyeza unabonyea kama puto lenye maji. Jirani mmoja anasema ni kijicho, mwingine anashauri uchanjwe kwa wembe. Mzazi, ngoja kwanza.

Uvimbe huu ni nini?
Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa myembamba ya limfu inayorudisha maji ya mwili kwenye damu na kusaidia kupambana na maradhi. Mtoto akiwa bado tumboni, baadhi ya mishipa hii inaweza kuumbika vibaya, maji yakakusanyika katika vifuko. Uvimbe wa namna hii huonekana mara nyingi mtoto anapozaliwa au kabla hajatimiza miaka 2. Si saratani, hauambukizi, wala si kosa la mama.

Kwa nini usitobolewe nyumbani?
Maji yatatoka na uvimbe utashuka, lakini vifuko hubaki na kujaa tena. Viini huingia kupitia kidonda, na maambukizi yanaweza kusambaa hadi kwenye damu.

Hospitalini hufanywa nini?
Daktari huupima kwa ultrasaundi, maana si kila uvimbe ni wa limfu, na baadhi huhitaji matibabu ya haraka. Usiomsumbua mtoto unaweza kuangaliwa tu. Vifuko vikubwa hufyonzwa maji kwa sindano, kisha hutiwa dawa, kama vile bleomisini au doksisaiklini, ili kuta zake zishikane. Huenda sindano ikarudiwa. Upasuaji huhitaji uangalifu, kwa kuwa uvimbe unaweza kuzunguka mishipa ya fahamu. Kipande kikibaki, unaweza kurudi.

Uanzie wapi?
Mkazi wa Mautuma, anzia Hospitali ya Mautuma. Ikihitajika, mtoto atapewa rufaa hadi hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Beba barua ya rufaa na kijitabu cha kliniki, na uhakikishe mtoto amesajiliwa SHA.

Uvimbe ukiwa mwekundu, wa moto, mgumu au wenye maumivu, ukikua ghafla, au mtoto akipata homa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.