Kundi Likipita Juu ya Mpunga: Somo la Kutazama Ndege Mbwara

Wenzetu wa Ulaya wana kitu wanakiita kutazama ndege wa majira ya baridi. Wanavaa makoti mazito, wanabeba darubini, wanasimama pembeni mwa shamba lililovunwa na kuhesabu makundi. Sisi baridi hatuna, lakini sehemu ya ndege hao tunao. Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, mbayuwayu waliozaliwa Ulaya na Asia wanakamata wadudu juu ya mpunga wetu. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi amevuka Sahara, na mwanachuo anapita chini yake anatafuta mtandao kwenye simu.

Kwa hiyo somo la leo ni hilo: namna ya kutazama makundi ya ndege kwenye mashamba ya wazi. Nimechagua Mbwara, Rufiji, kwa sababu huko kutazama ndege si starehe, ni kazi. Jina lake kuamia. Mpunga ukishaanza kutoa masuke, familia inahamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ukiwa juu unaona shamba lote, na mafuriko yakija hayakukuti kitandani. Nilipofika na kusema, "Shikamoo bibi," aliitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Umekuja kuamia au umekuja kutazama?" Nikasema kutazama. Akacheka sana.

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kila kundi ni la wezi. Anza kwa kuuliza ndege anakula nini. Yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe na majembe, wanakula panzi na wadudu wanaofurushwa na kwato. (Ng'ombe wenyewe waliongezeka Rufiji baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007, ugomvi wa wakulima na wafugaji ni makala nyingine.) Yule korongo mweusi ambaye mdomo wake una upenyo katikati hata ukifumba, anatafuta konokono kwenye maji ya kina kifupi. Mbayuwayu na keremkerem hawagusi nafaka kabisa. Hawa wote ukiwafukuza, umejipunguzia msaada.

Mwenye kesi ni kwelea kwelea. Ni mdogo, wa kahawia mwenye michirizi, mdomo mwekundu. Dume msimu wa kuzaa huwa na uso mweusi, jike mdomo wake hugeuka njano. Shida ni kwamba nje ya msimu huo kweche na baadhi ya mnana nao wanavaa kahawia hiyohiyo, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha kwa rangi. Basi tazama mwendo. Kwelea kwelea huruka wamebanana, kundi linapinda pamoja kama moshi uliopigwa na upepo. Wakiwa wanakula chini, wa nyuma wanaruka juu ya vichwa vya wa mbele na kutua, halafu waliobaki nyuma wanafanya vilevile, mpaka kundi zima linaonekana kubingirika kama pipa.

Sasa kuhesabu. Usijaribu kuhesabu mmojammoja, utachanganyikiwa. Hesabu ndege 10, shika kwa macho ukubwa wa nafasi waliyochukua. Panua nafasi hiyo mara kumi, sasa una 100. Kisha jiulize kipande hicho cha 100 kinaingia mara ngapi ndani ya kundi lote. Kikiingia mara 12, andika 1,200. Ukiweza piga picha, chora mistari juu yake jioni na uhakikishe. Wengi wetu tukikadiria kundi kubwa tunataja idadi pungufu, na mimi nilikuwa hivyo. Njia hii ya vipande hutumiwa pia kwenye sensa ya kimataifa ya ndege wa maji inayofanyika kila Januari. Na Rufiji si mahali padogo kwenye ramani ya ndege: eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004, karibu hekta 597,000.

Kwa nini namba ina maana? Chukua kwelea kwelea mmoja anakula gramu 10 za nafaka kwa siku. Anaonekana hana neno. Ndege 100,000 ni kilo 1,000, yaani magunia kumi ya kilo mia, siku moja tu. Na makundi yao yanaweza kupita idadi hiyo mbali. Chakula chao cha asili ni mbegu za nyasi pori. Mvua zikianza mbegu zinaota, chakula kinapotea, nao wanahama. Nyasi mpya zikichelewa kukomaa, mpunga ulio kwenye maziwa ndio unaoliwa.

Serikali ikizidiwa, hupulizwa sumu kwa ndege wanakolala usiku, na shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1962, limekuwa likisaidia kwa ndege zake. Sumu inayotumika sana, fenthioni, haichagui. Kipanga au bundi akila kwelea kwelea aliyekufa, naye yuko hatarini, na binadamu vilevile. Kondoa wana utaratibu wao wa zamani wa kuwatega na kuwala. Mimi naona huo ni bora mara kumi kuliko ndoo ya sumu, mradi eneo halijapulizwa.

Lakini kinachoninyima usingizi kama mwalimu mtarajiwa ni nani anaamia. Baada ya mafuriko ya 1968 watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya juu. Nyumba na shule zikawa huko, mashamba yakabaki bondeni. Msimu wa ndege ukifika mtoto anakuwa dunguni, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Tumefundishwa kumwona ni tatizo la nidhamu. Nilikaa siku mbili na mmoja wao, darasa la tano, ana teo ya kamba na rundo la mabonge ya udongo. Mbayuwayu wakipita hainui hata mkono. "Hao waache, kaka, wanakula wadudu." Kundi la kahawia likitokea upande wa mto, anasimama kabla mimi sijaona chochote.

Nilimfundisha kuhesabu kwa makumi. Tulikadiria kundi moja lililotua kwenye matete, kila mtu kivyake, tukaandika kwa kijiti kwenye udongo wa tuta. Mimi nilipata 300, yeye 460. Nikamwambia tuanze upya, tuone nani kakosea. Akasema hapana, wakishatulia hivyo ndiyo wanataka kuingia shambani, na akashuka ngazi na teo yake.