Kabla Hujanunua, Nenda Mkwaja Ukakae

Mdogo wangu wa Mkwaja unayeishi Dar, barua yako nimeipata. Poleni kwa kuuguza. Wenzio wanaosoma kona hii niwape habari kwa ufupi: mama wa huyu mdogo wetu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, sasa anatembea kwa kushikilia ukuta. Nyumba hiyo hiyo anaishi mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye macho yake hayaoni tena. Anayewatazama wote wawili ni binti wa miaka 16, mtoto wa dada. Ndugu wamechanga fedha, na duka moja la mjini limeshawaonyesha mambo: kiti cha magurudumu cha umeme, kamera ya kufunga chumbani ili waliopo Dar wamwone mama kwenye simu, na saa ya mkononi inayopiga kelele mtu akianguka. Anauliza aanze na kipi.

Hakuna, mdogo wangu. Funga pochi, panda gari uende kwenu.

Na usiende kama wa sikukuu, unashuka na mkate na sukari, unapikiwa wali wa nazi, kesho yake huyo umerudi. Kaa siku za kawaida. Beba futi kamba na daftari. Amka na mama alfajiri, umtazame bila kumkimbilia kila anaponyanyua mkono. Anashukaje kitandani, anashika nini? Maji ya udhu nani anamtilia, na birika analiinamishaje kwa mkono mmoja? Njia ya kwenda chooni wapi ina mchanga, wapi kuna kizingiti, wapi anasimama kupumua? Andika. Usiku uamke tena, maana hapo ndipo hatari ilipo: giza, usingizi machoni, haja imembana, na huko kwenu jirani na Hifadhi ya Saadani mtu hatoki nje ovyo.

Kisha muulize, tena umuulize kama mtu mzima: mama, jambo gani linakuudhi zaidi kwa siku? Usishangae akitaja kitu ambacho hakikuwamo kwenye orodha ya dukani. Wewe unawaza magurudumu, yeye pengine kinachomkera ni kumngoja binti arudi kuteka maji ndipo aende haja. Au anataka tu jioni atoke mwenyewe hadi barazani, asalimiane na wapitao, bila kushikwa makwapa.

Huo ndio utafiti, wala huhitaji koti jeupe. Wenye makoti nao hufundishwa hivyo hivyo. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo cha MIT cha Marekani, Amos Winter, alikuja hapa Tanzania kuangalia wenye ulemavu wanavyohangaika na vyombo vya kutembelea. Kiti cha hospitali kinakwama kwenye njia za mawe na vumbi. Baiskeli ya magurudumu matatu inakwenda vizuri barabarani lakini ndani haiingii. Akaja kubuni kiti kinachoendeshwa kwa fimbo mbili za chuma, unazisukuma mbele na kuzirudisha. Ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda kilima, ukizishika chini unapata mwendo. Vipuri vyake ni vya baiskeli, ili fundi wa kijijini akiweze. Kilipopelekwa kwa watumiaji wa Afrika Mashariki mwaka 2009, walikisifu njiani, ila wakasema kweli yao: nyumbani ni kipana, tena kizito. Ikabidi kipunguzwe upana na uzito. Milango ya watu ilimfundisha mhandisi jambo ambalo maabara haikumwambia.

Sasa angalia: hata kiti hicho kilichofanyiwa kazi yote hiyo si cha mama yako. Fimbo mbili zinataka mikono miwili, naye mwenye nguvu ni mmoja. Aliyelegea upande, mara nyingi kinachomfaa ni kiti kilichoshushwa chini kidogo, mguu mzima ukanyage sakafu na kuvuta, mkono mzima uzungushe gurudumu. Hilo muuza duka hakukuambia, kwa sababu hakukuuliza mama anaumwa nini.

Cha umeme ndicho ninachokiogopa kabisa kwa Mkwaja. Mchanga wa pwani unameza yale magurudumu madogo ya mbele. Upepo wa bahari una chumvi, unakula nyaya na chuma. Umeme ukikatika kiti kimelala. Betri ikifa, fundi yuko Tanga, ng'ambo ya Mto Pangani, na mama atabaki kakaa juu ya kilo zote zile ambazo binti hawezi kuzisukuma.

Tena wewe, mama si anatembea? Kwa nini umkalishe?

Mpatie mkongojo kwanza. Lakini usimkatie mti wowote tu. Mama avae viatu vyake vya kila siku, asimame, mikono ining'inie. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu unamchosha bega, ukiwa mfupi unamwinamisha. Na aushike mkono wa kushoto, ule mzima. Mkongojo uende pamoja na mguu wa kulia ulio dhaifu. Watu wengi humpa mgonjwa fimbo upande unaouma, kisha wanashangaa anayumba. Chini uvike mpira mpana, maana ncha nyembamba huko kwenu itazama mchangani. Ile mikongojo ya miguu minne inatulia zaidi, ila kwenye ardhi yenye mashimo hucheza, kwa hiyo ajaribu njia yenyewe ya uani kabla hujalipa.

Choo ndiyo kazi kubwa, na hapa fedha yenu itumike bila huruma. Mgonjwa wa kiharusi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni mateso. Mwite seremala wa hapo hapo. Atengeneze kiti kizito cha mbao chenye tundu, miguu iliyotanuka kisipinduke, kikae juu ya shimo. Kingo za tundu zipigwe msasa hasa, ngozi ya mzee ni nyepesi. Kipakwe rangi ya mafuta ili maji yasikiozeshe na kiwe rahisi kuosha. Upande wa kushoto kiwe na mkono wa kujisukumia anaponyanyuka. Urefu: akikaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yasipande juu ya nyonga. Kingine cha namna hiyo, chenye ndoo na kifuniko chini yake, kiwekwe kando ya kitanda kwa ajili ya usiku. Mama atakataa mwanzoni, ataona haya. Usimlazimishe; kiache hapo na pazia lake.

Usisahau baraza. Mteremko wa kupitia kiti au mguu mzito unahesabiwa hivi: kila sentimeta moja ya kupanda inataka sentimeta 12 za urefu. Baraza la sentimeta 30 linataka mteremko wa mita 3 na sentimeta 60. Nimeona miteremko ya saruji mbele ya ofisi ambayo hata kijana mzima anaipanda kwa kuomba dua. Kama uwanja hautoshi, jenga ngazi fupi fupi na uweke mti wa kushikilia. Kwa mtu atembeaye ni bora kuliko mteremko mkali.

Jikoni sasa, na hapa uwe mwangalifu. Umeandika kwamba mama hapiki tena. Ameacha mwenyewe, au mmemwachisha? Mbuzi ya kukunia nazi inataka ukae chini, na kifuu kinataka mikono miwili. Lakini ukiifunga mbuzi kwenye benchi la juu, mtu akakaa kitini, binti akakuna, mama anaweza kuchuja tui kwa mkono mmoja chujio likiwa limekaa juu ya bakuli zito, chini yake kitambaa kibichi lisiteleze. Ubao wa kukatia wenye misumari miwili iliyotokeza unashika kitunguu au muhogo kisikimbie. Fundi anaupiga kwa dakika chache. Anayeonja na kusema chumvi haijakolea bado ndiye mwenye jiko.

Tuje kwa mjomba, ambaye kwenye barua yako umempa mstari mmoja. Msimpangie nyumba upya bila kumwambia. Kiti kikihamishwa hatua moja, yeye kwake ni shimo. Mnaweza kumfungia kamba ya katani kutoka mlangoni hadi chooni, usawa wa kiuno, na fundo mahali pa kugeuka na jingine kabla ya ngazi. Huko Tanga katani hamtaikosa. Ila kamba hulegea, na mama akiiegemea itamwangusha. Kwa hiyo kwa nyumba yenu naona bora miti iliyochimbiwa na kupigiliwa ubao wa kushika, itamwongoza mjomba na kumbeba mama. Muulizeni yeye anapenda iwe mkono upi.

Simu nayo. Zile za Android zina TalkBack, humsomea asiyeona kila anachogusa, bila kununua programu nyingine. Anahitaji mtu wa kumfundisha kwa subira, basi. Inamfaa hasa kwa mambo ya fedha, kwa sababu mzee asiyeona akishamtajia wakala namba ya siri, hana tena siri. Kwa mama, kitochi cha vitufe vikubwa kinatosha, jina lako likiwekwa kwenye kitufe kimoja, kining'inie shingoni kwa kamba. Na taa za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita ni miongoni mwa vichache vya madukani nitakavyokuruhusu ununue sasa hivi: moja ya njia ya chooni, moja ya barazani.

Kamera? Chumba hicho ndimo mama anamovalia kanga yake. Simu yako haiazimwi na watoto, na shemeji, na wenzako kazini? Kama mwenyewe akiitaka, iwe sebuleni, na ajue inawaka lini. Na saa ya kupiga kelele, jiulize anayeisikia nani. Wewe uko Dar. Jirani wa ukuta wa pili na filimbi iliyofungwa kitandani watafika kabla yako.

Kabla ya kiti chochote cha magurudumu mama apimwe. Anza hospitali ya wilaya Pangani au Bombo hapo Tanga, uombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wewe uliye Dar pita hospitali ya CCBRT uulize. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na viungo saidizi, kwa hiyo utaalamu huu si wa kuagiza ng'ambo. Mtaalamu asiyempima mama nyonga na mapaja, akakutolea kiti stoo tu, mshukuru uondoke. Ulizia pia kwa ofisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee tangu miaka 60, na wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo. Hamko peke yenu: Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2022 wakisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni 3 tu katika kila 100 wanaovihitaji.

Limebaki la binti. Humu kwenye barua umemtaja kama vile ni kifaa kimojawapo. Ana miaka 16, anabeba watu wazima wawili, na hukusema kama anasoma. Lile swali ulilomuuliza mama, na yeye muulize, mkiwa wawili tu. Fedha ya kununulia kiti cha umeme inaweza kumlipa jirani mama mtu mzima ashinde hapo asubuhi hadi mchana. Ukishakaa nao, niandikie upana wa mlango wa chumba, kimo cha baraza, na hayo majibu ya wote watatu.