Doa Lisilotoka Jasho

Mchana wa jua kali huko Buzuruga, kandokando ya barabara itokayo mjini Mwanza kuelekea Musoma, mpakiaji wa mizigo avuapo shati lake mgongo wake hung'aa kwa jasho. Na tuseme mgongo huo umelowa wote isipokuwa mahali pamoja, penye ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambapo ngozi imepauka kidogo na imebaki kavu. Mahali hapo hapawashi wala hapaumi. Wenzake wakimwuliza, hujibu kuwa ni choa, kisha hununua dawa ya kupaka dukani. Jibu hilo laweza kumgharimu vidole vya mikono. Ili sababu yake ifahamike, yafaa kwanza kutazama jinsi ngozi ilivyoumbwa.

Ngozi ina matabaka mawili yaliyolala juu ya mafuta. Tabaka la juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. Chembe zake huzaliwa upande wa chini, husukumwa kwenda juu kwa muda upatao mwezi mmoja, hufa njiani, na mwishowe hupukutika bila mwenyewe kutambua. Upande wa chini wa tabaka hilo ndipo zilipo chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya chembe hizo haitofautiani sana baina ya Msukuma na Mzungu. Kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa punje za rangi zitokanazo nazo. Tabaka la pili ni nene na lenye nguvu. Kwa ng'ombe, hilo ndilo linalobaki kuwa kiatu au mkanda baada ya kazi ya kiwandani. Humo mna mishipa ya damu, mashina ya nywele, tezi za mafuta na nyuzi za mishipa ya fahamu.

Tezi za jasho nazo zimejikunja kama uzi katika kina cha tabaka hilo, na kila moja hupeleka mfereji wake hadi juu. Mtu mmoja anazo kati ya milioni 2 na milioni 4, nyingi zaidi zikiwa viganjani na nyayoni. Ziko pia tezi kubwa zaidi za kwapani na kinenani, ambazo huanza kazi wakati wa kubalehe. Jasho ni maji na chumvi kidogo tu. Kinachopoza mwili si kule kutoka kwake bali kule kukauka kwake juu ya ngozi. Ndiyo maana siku yenye unyevu mwingi hewani mtu hulowa chepechepe na bado akasikia joto. Zaidi ya hayo, tezi haijiamulii kazi. Hungoja amri ya ubongo, na amri hiyo hupitia katika nyuzi nyembamba mno za fahamu. Nyuzi zikifa, tezi hunyamaza.

Kwa hiyo matatizo ya jasho yana asili mbalimbali. Harara ya watoto wachanga hutokea mifereji izibapo, aghalabu kwa sababu ya kufunikwa nguo nzito wakati wa joto. Dawa yake ya kwanza ni kumpunguzia mtoto nguo. Wako wanafunzi ambao viganja vyao hutiririka jasho hadi daftari likalowa. Hao hawana hatia yoyote, ni mishipa yao tu inayotoa amri kupita kiasi. Kutokwa jasho jingi usiku kwa wiki kadhaa, pamoja na kikohozi, ni jambo la kupeleka hospitali, kwa kuwa yaweza kuwa kifua kikuu. Lakini sehemu moja ya ngozi kukosa jasho, huku sehemu nyingine zote zinalo, ni dalili ya namna ya pekee.

Waganga wa ngozi hutofautisha kwa uangalifu yale ambayo watu huyaita yote vipele. Doa ni badiliko la rangi lisiloinuka, kipele kimeinuka, lengelenge lina maji, kidonda kimepoteza tabaka la juu. Hata madoa yenyewe hayalingani. Choa huwasha, na ukingo wake huinuka na kuwa na magamba. Mbalanga huwa nyeupe kabisa kama chokaa, lakini ngozi yake huhisi kama kawaida. Doa la ukoma hupauka au huwa jekundu bila kuwa jeupe kabisa. Nywele zake hupungua, jasho hukauka, na ganzi huingia.

Mambo hayo matatu yana chanzo kimoja. Kijidudu cha ukoma, alichokitambua Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi na huingia katika mishipa ya fahamu. Huzaana polepole mno, hata dalili huonekana kwa wastani baada ya miaka 5, na pengine 20. Vidole havili kijidudu hicho kama watu wanavyodhani. Mtu asiyehisi moto hushika sufuria, huungua, hapumzishi jeraha kwa kuwa haliumi, na mifupa huoza kidogo kidogo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo. Mganga humgusa mgonjwa kwa ncha ya pamba penye ngozi nzima ili aelewe, humfumba macho, kisha hugusa hapa na pale, na mgonjwa huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipoonyesha doa, shaka imekuwa kubwa. Hata hivyo, kuhisi pamba hakumwondolei mtu shaka yote, kwani mwenye madoa mengi, au doa la usoni, huweza kuhisi vizuri. Yeye hupimwa zaidi.

Makazi ya Bukumbi, wilayani Misungwi, yalikokaa watu waliougua ukoma, ni ukumbusho wa zama za kutengwa. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze dawa za mchanganyiko mwaka 1981, sababu ya kutenga imekwisha. Rifampisini, dapsoni na klofazimini hutolewa bila malipo kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza kuzimeza. Klofazimini huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi na kavu, jambo linalowatisha wengi wakaacha dawa. Rangi hiyo hufifia baadaye. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya wameendelea kugunduliwa.

Dawa huua vijidudu, haifufui mishipa iliyokwisha kufa. Aliyechelewa huhitaji kuloweka nyayo katika maji kwa muda wa dakika 20 hadi 30 kila siku, kupaka mafuta kabla hazijakauka, na kukagua jioni kama pameumia, maana nyayo zisizo na jasho hupasuka. Watu wa nyumbani kwake nao huchunguzwa ngozi, na tangu mwaka 2018 Shirika hilo limependekeza wapewe dozi moja ya rifampisini kama kinga.