Kupanda Usambara kwa baiskeli

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunataka kuzunguka milima ya Usambara kwa baiskeli na kuona vijiji vya kale. Baiskeli zetu ni za kawaida, zenye gia. Tupite wapi?

JIBU: Anzieni Mombo, alfajiri. Hadi Lushoto ni lami ya kilomita kama 33, ila inapanda takriban mita 1,000 kwa kona kali. Msione haya kushuka na kusukuma. Pumzikeni Soni, penye maporomoko.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, hupendwa na wageni. Kwa historia mimi ningewapeleka Vuga, makao ya wafalme Wakilindi, kizazi cha mwanzilishi wao, Mbegha. Msitarajie majumba, utamu uko kwenye masimulizi ya wazee, kwa hiyo pitieni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtae, ukingoni kabisa juu ya nyika ya Mkomazi, ni mbali na njia ni ya vumbi. Wakati wa masika utelezi wake hauna mzaha. Nendeni kati ya Juni na Septemba, na mbebe sweta.

Kinachonitia wasiwasi ni kushuka. Ukibana breki mfululizo, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena, na tumia breki zote mbili. Kagueni raba za breki: mifereji yake ikishafutika, badilisheni zote nne kwa fundi kabla hamjaondoka Mombo.