Zebaki Haiozi: Bakteria, Metali na Maji Tunayotumia

Maganda ya ndizi yakitupwa shambani, bakteria huyala hadi yakaisha. Hata dizeli iliyomwagika ardhini hupungua kwa kazi yao, ingawa huchukua muda. Metali haina mwisho wa namna hiyo. Zebaki, risasi na shaba ni elementi, na hakuna kiumbe anayeweza kuzimeng'enya zikatoweka. Wanachoweza bakteria ni kuzibadilisha hali: ziyeyuke au zigande, zipae kama mvuke au zitulie kwenye tope, ziingie mwilini au zipite tu.

Anayeishi jirani na mgodi, mwalo wa kuchenjulia dhahabu au kisima kirefu anapaswa kuyajua mabadiliko hayo, maana metali ileile huweza kuwa na madhara madogo katika hali moja na makubwa mno katika nyingine.

Zebaki: kutoka kwenye karai hadi kwa samaki

Kwa wachimbaji wadogo, kama wale wa Geita na Chunya, mbale husagwa kwenye karasha, huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ili ishikamane na dhahabu. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mvuke huo ndio hatari ya kwanza, nao humpata mchomaji pamoja na walio karibu naye. Zebaki nyingine huondoka na marudio, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha kuchenjuliwa, na kuishia kwenye mashimo ya maji, vijito na mabwawa.

Chini ya maji yaliyotuama, mahali penye majani yanayooza na pasipo na oksijeni, wapo bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti. Harufu ya yai viza inayotoka ukivuruga tope jeusi ni yao. Baadhi yao huiunganisha zebaki na kaboni, ikawa methili-zebaki. Mwaka 1969 watafiti Jensen na Jernelöv wa Sweden walionyesha kwamba vijidudu vya kwenye tope vina uwezo huo, na mwaka 2013 zikatambuliwa jeni mbili zinazouwezesha.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoleta balaa. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hutoka na choo. Methili-zebaki hufyonzwa karibu yote, huingia kwenye damu, hufika ubongoni, na kwa mjamzito hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mwili huchukua takribani siku 50 hadi 70 kuipunguza kwa nusu. Ndiyo sumu iliyowapata wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Huko iliyomwagwa baharini ilikuwa tayari methili-zebaki, taka za kiwanda. Kwenye mialo yetu, kazi ya kuitengeneza hufanywa na bakteria.

Kutoka kwenye tope sumu hiyo hupanda ngazi kwa ngazi: mwani, wadudu wa majini, samaki wadogo, kisha samaki walao wenzao. Ndiyo maana sangara mkubwa huwa nayo nyingi kuliko sato. Habari njema ni kwamba vipimo vilivyochapishwa kuhusu Ziwa Victoria vilikuta samaki wengi wakiwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Basi hakuna sababu ya kuacha samaki. Sababu ipo ya kuepuka kambale na kamongo wanaovuliwa kwenye madimbwi ya mialo. Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuiondoi sumu hii.

Maji ya rangi ya kutu

Maji ya rangi hii yana maana mbili, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni bakteria wa chuma, ambao ni wa kawaida kwenye visima. Maji hutoka safi, yakikaa kwenye ndoo hugeuka mekundu. Ndani ya tangi na bomba hujengeka utelezi wa rangi ya kutu. Juu ya maji yaliyosimama huonekana utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti: ukipasuka vipande vipande, ni bakteria, ukijikusanya tena, ni mafuta. Bakteria hawa hawaleti ugonjwa, ila huziba mabomba, hutia nguo madoa na kuharibu ladha. Utelezi hupaswa kusuguliwa kwanza, kisha kisima kitiwe klorini na fundi anayejua vipimo, kwa sababu klorini pekee haipenyi ndani ya utelezi huo.

Ya pili ni tindikali ya mgodi. Mwamba wenye pairiti, madini ya chuma na salfa, ukifukuliwa na kukutana na hewa na maji, hutoa tindikali. Bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans huweza kuiharakisha hatua muhimu ya mchakato huo hadi mara milioni moja. Tindikali huyeyusha shaba na metali nyingine na kuzipeleka mtoni. Dalili zake ni mawe yaliyovikwa ganda la manjano au rangi ya chungwa, na kijito kisicho na samaki wala mimea hata kama maji yake ni maangavu.

Mfano upo Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha lundo kubwa la pairiti yenye kobalti huko Kasese, na kwa miaka mingi mvua ilibeba metali kutoka humo kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kisha, mwaka 1999, kiwanda kikaanza kuwatumia bakteria wa aina hiyo kwa makusudi, ndani ya matangi, kuyeyusha lundo lilelile ili kupata kobalti. Kazi ya bakteria haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba maji yenye metali yalikuwa na pa kukusanyiwa.

La kufanya

Kwa mchimbaji:
• Choma donge ndani ya retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki, mbali na makazi. Usichomee nyumbani.
• Usichanganye zebaki na mbale yote. Tenga kwanza mchanga mzito wenye dhahabu.
• Usipeleke marudio yenye zebaki kwenye sayanaidi kabla ya kuitoa. Sayanaidi huiyeyusha zebaki ikasafiri mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, unaotumika tangu 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama, unataka nchi zichukue hatua kukomesha desturi hizi.
• Weka mwalo mbali na vijito na majaruba ya mpunga. Udongo wa jaruba lililofurika hukosa oksijeni, na bakteria hutengeneza methili-zebaki humo pia.

Kwa kaya:
• Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapewe zaidi dagaa na sato kuliko sangara wakubwa.
• Usitegemee kuchemsha maji ili kuondoa metali. Vijidudu hufa, metali hubaki.
• Unapoomba maji yapimwe, zitaje metali kwa majina, kwa kuwa kipimo cha vijidudu hakizionyeshi.

Kwa uongozi wa kijiji:
• Msichimbue tope la zamani la mwalo kwa ajili ya matofali au mbolea. Metali iliyotulia huweza kuachiliwa upya.
• Mkiona maji yamebadilika ghafla, toeni taarifa RUWASA (wakala wa maji vijijini) au kwenye bodi ya maji ya bonde lenu, na zuieni mifugo kunywa hadi majibu yatoke.
• Akija mtu na bakteria wa kusafisha maji ya mgodi, msimfukuze wala msimwamini upesi. Bakteria wa salfeti hutumika kweli kugandisha shaba na zinki kwenye maji hayo, lakini baadhi ya jamaa zao ndio wanaotengeneza methili-zebaki penye zebaki. Mwulizeni awaeleze kwa maandishi ni metali ipi anayoilenga, itageuka kuwa nini, na nani ataliondoa tope litakalobaki.