Maziwa ya Kopo na Haki ya Mtoto Mchanga

Ndugu zetu Waislamu, tuzungumzapo juu ya chakula cha halali, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye nyama na uchinjaji wake. Ni nadra tukakumbuka kwamba chakula cha kwanza cha mwanadamu ni maziwa ya mama yake, na kwamba chakula hicho kina hukumu zake ndani ya Qur'ani. Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, twafunzwa kuwa ukamilifu wa kunyonyesha ni miaka miwili. Kuwa matumizi ya mama anyonyeshaye yako juu ya baba. Na kuwa mtoto haachishwi ziwa kabla ya muda huo ila kwa kushauriana na kuridhiana wazazi wawili. Basi jambo hili si la mwanamke peke yake. Lina haki ya mtoto, wajibu wa baba, na mashauri ya wote wawili.

Suala letu la leo ni hili: katika mashauri hayo ya watu wawili amejiingiza mtu wa tatu, naye ni mfanya biashara. Ameingia kwa mlango gani?

Mwaka 1867 Henri Nestlé, mkaazi wa mji wa Vevey katika nchi ya Uswisi, alianza kuuza unga wa maziwa na ngano kwa ajili ya watoto wachanga. Asili ya jambo haikuwa na ubaya, kwani wako watoto waliofiwa na mama zao, na wako mama ambao maradhi yamewazuilia. Lakini mayatima ni wachache, na mwenye kutafuta faida kubwa hatosheki na wachache. Katika karne iliyopita makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, yakawavisha nguo mfano wa za wauguzi, yakawapeleka mahospitalini na majumbani katika Afrika, Asia na visiwa vya Karibi, wakiwasifia wazazi maziwa ya kopo na kuwagawia makopo ya bure.

Tulitazame vizuri kopo hilo la bure. Maziwa ya mama huja kwa kunyonywa: mtoto akizidi kunyonya nayo huzidi, akiacha hupungua kisha hukauka. Mama akitumia kopo siku chache, akirudi kwenye ziwa lake hukuta limepungua. Na kopo la pili si la bure tena. Ni zawadi gani hii, impokonyayo mtu alicho nacho ili alazimike kununua? Tena bei ikimwelemea, huzidisha maji ili kopo lidumu. Maji yakiwa si safi, au chupa haikuchemshwa, mtoto hushikwa na kuhara, akakonda mbele ya macho ya wazazi waliodhani wamempa kilicho bora.

Wala hawakukosekana wa kuonya. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alitoa hotuba mjini Singapore, akaipa jina la maziwa na mauaji. Mwaka 1974 jumuiya ya War on Want ya Uingereza ilitoa kijitabu juu ya biashara hii. Kikundi kimoja cha Uswisi kilipokifasiri kwa anwani iliyosema kuwa Nestlé yaua watoto, kampuni ilikishtaki. Mwaka 1976 jaji wa Bern aliwatoza washtakiwa faini ndogo kwa sababu ya anwani hiyo, lakini akaitaka kampuni iifikiri upya namna yake ya kutangaza. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kuzisusia bidhaa za kampuni hiyo. Kisha mwaka 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo kwa kura 118 dhidi ya 1, nayo hiyo moja ilikuwa ya serikali ya Marekani. Hapa Kenya sheria ilipitishwa mwaka 2012.

Faida imeonekana. Mwaka 2003, katika watoto 100 wa Kenya wasiotimiza miezi sita, walionyonya maziwa ya mama matupu walikuwa 13 tu. Mwaka 2014 walifika 61. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Tumesimama hatuendi, na matangazo yaliyofukuzwa hospitalini sasa huingia kwa simu iliyo mkononi mwa mama.

Hapa wako watakaosema: makosa ni ya wanawake wa siku hizi. Na tuwajibu kwa kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) walichokipokea wanahistoria. Usiku mmoja Umar alimsikia mtoto akilia katika kambi ya wasafiri. Akamwendea mama yake, akamtaka amche Mungu na amtazame mtoto. Kilio kikarudi, naye akarudi, hata mara ya tatu. Yule mama, asijue asemaye naye ni nani, akasema kuwa amlazimisha mtoto kuacha ziwa, kwa kuwa Umar hatoi posho ya Baitul-mali ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Umar akasalisha Alfajiri kisomo chake hakisikiki kwa kulia, akajilaumu kwa watoto wa Kiislamu waliopotea kwa amri yake. Kisha akaamrisha inadiwe kuwa posho ni ya kila mtoto tangu kuzaliwa, na mama wasifanye haraka kuachisha.

Mazingatio yako hapa. Umar alianza kwa kumlaumu mama. Alipoijua sababu, alirudi kujilaumu nafsi yake, akaibadilisha amri. Nasi tumtazamapo mama na chupa mkononi, tuulize kwanza ni nani aliyemsukuma. Je, si sisi wenye maduka tunaoyapanga makopo mbele kwa sababu ya faida yake? Si sisi waajiri, hali sheria ya afya ya mwaka 2017 yatutaka tumtengee mfanyakazi mahali pa kunyonyesha? Si sisi tunaomwajiri mtumishi wa nyumbani, akamwacha mchanga wake kwao ili awalee wa kwetu? Na yule mume anayenunua kopo kwa fahari, huku mkewe hapati chakula cha kumtosha, ameitimiza aya gani?

Hatusemi kopo ni haramu. Ambaye dharura imemfikisha hapo hana lawama, na amfuate daktari wake. Tusemalo ni kuwa mashauri yarudi kwa wenyewe, baba na mama, wakisaidiwa na mkunga na daktari wasiokula kwa muuzaji. Wenye maduka, waajiri na waume, kila mmoja aanze kwa lililo mkononi mwake, kama alivyoanza Umar asubuhi ile.

Wabillahi ttawfiq.